Kijani Kikipepesa

Taa ya Ghubra haizimi kijani chake ghafla.
Hupepesa kwanza, mara moja, mbili, tatu,
kama mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni,
kisha njano, kisha nyekundu.
Walioibuni walitaka kutupa muhula wa kufikiri.
Haya, tunafikiri:
mimi nafikiri breki,
aliye nyuma yangu anafikiri mafuta.

Baiskeli hii aliniuzia Shafiqul wa bustani,
riali nane, na kufuli akanipa bure.
Rimu ya nyuma imenyooshwa kwa nyundo.
Sikuuliza. Alikuwa anaondoka,
mguu mmoja ndani ya plasta,
tiketi ndani ya mfuko wa nailoni.
Alinionyesha tu, kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza,
pa kusimama taa ikiwa nyekundu:
si ukingoni,
ukingoni lori likikata kona litakufagia kama ganda la karanga.
Simama katikati ya njia, mbele yao.
Geuza shingo, mtafute dereva machoni.
Taa baadaye. Taa haina macho.

Lakini shingo yangu ni ya Tanga.
Kule gari hukupita kuliani, huku hukupita kushotoni.
Miaka mitatu sasa,
na bado nikishtuka
nageukia bega lisilo na kitu.

Walio nyuma nawajua, kwa namna yangu.
Nafanya kazi kwa dobi, napiga pasi kanzu zao;
nazijua shingo zao kuliko nyuso.
Huyu anataka wanga mwingi,
huyu hataki mstari mgongoni,
huyu kishada chake kinanukia udi hata baada ya sabuni.
Mgongo wangu mimi sijui nani anaujua.
Nimeushonea utepe wa kung'aa
niliokata kwenye koti bovu la mafundi wa barabara.

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
kijani kikapepesa.
Moja. Nikakamata breki.
Mbili. Nyuma yangu injini ikapandisha sauti.
Tatu

sikuihesabu.

Matairi yalilia, harufu ya mpira ikanifikia
kabla ya bampa kuigusa rimu, ileile ya nyundo.
Sikuanguka. Nilisogezwa hatua moja,
kama mtu anavyosogezwa kwenye foleni ya benki.

Mlango ukafunguka. Buibui, kiatu kimoja,
kingine kimebaki kwenye pedali.
Na neno la kwanza kumtoka: "Masalale!"
Kiswahili. Hapa, katikati ya lami.
Nyuma yake vitoto viwili vya skuli
vimenikodolea macho kupitia kioo.
"Umesimama nini, mwanangu? Mie nshapita!"
Yuko nyuma yangu, ananiambia keshapita.
"Taa, mama."
"Taa nimeiona! Ndo maana nikakimbia."
Nami niliiona.
Ndiyo maana nikasimama.

Tukaitazama wote wawili, nyekundu, imetulia,
kama shahidi asiyetaka kuitwa.

Honi zikaanza huko nyuma. Hakuzijibu.
Aliniuliza jina, akaniambia lake, Zamzam,
akainama akaikagua rimu kwa vidole
kama mtu anayekagua tunda sokoni.
Kisha akarudi garini, akawasha taa za dharura.
Kijani kilipokuja hakusogea.
Aliwazuia wote, pick-up, teksi, lori la maji,
mpaka nikafika ng'ambo.
Mikono ilikuwa inatetemeka; kengele ikajilia yenyewe
njia nzima hadi kwa dobi.

Alhamisi, taa ileile.
Nyuma yangu gari jingine, jeupe, silijui.
Sasa natoa mkono wa kushoto mapema, kiganja wazi,
naikamua breki kidogo kidogo kama ndimu.
Kijani kikapepesa.
Nikageuza shingo.
Bega la Tanga.
Nikaigeuza tena.